Kikopo Kilichozikwa Zizini

Jamaa mmoja wa Karatu mjini alitujia kijijini kwetu Qurus na mashine ya kutafutia vyuma ardhini. Eti mali ya Mjerumani imezikwa shambani kwetu. Nikamwambia achimbe, ila akigusa maharage yangu atanitambua. Mjerumani gani azike dhahabu kwenye maharage!

Mashine ikapiga kelele palipokuwa na zizi la zamani. Akachimba, akatoa kikopo cha bati kilicholiwa na kutu, mdomo umebanwa. Akakitupa kwa hasira. Kikalia.

Mungu wangu! Kikopo kile nilikitengeneza mwenyewe nikiwa na miaka saba. Nilitaka kichezeo kinacholia kuliko vya watoto wote, na visoda vya chupa havikunitosha. Basi jioni moja nikachomoa kile chuma kinachogonga ndani ya kengele ya ng'ombe wetu mwekundu, kiongozi wa kundi, nikakitia kikoponi.

Kesho yake rafiki wa baba, Mmasai wa upande wa Ngorongoro, alikuja kuwachukua ng'ombe wetu awapeleke malishoni na wake. Wawili hao walikuwa ndugu kabisa. Ukungu ulikuwa mzito, yule mwekundu akapotelea msituni. Rafiki alirudi akiapa kwamba kengele haikulia. Baba akamwita mwongo na mwizi mbele ya watu, na hawakusalimiana tena. Mimi nikazika kikopo changu, nikafunga mdomo miaka arobaini.

Siku hiyo ya mashine baba alikuwa kibarazani anachambua mbaazi kwa kupapasa, maana macho yake yamekwisha. Kikopo kilipolia, mikono yake ikasimama.

"Nileteeni hicho."

Akakitikisa sikioni mara moja tu. "Hiki chuma ni cha kengele yangu."

Miaka yote hiyo udongoni, na bado sauti ipo, na bado baba anaijua! Nikapiga magoti nikasema yote huku nalia. Nilitegemea fimbo, pamoja na utu uzima wangu. Baba alikipapasa kikopo, huku yule jamaa akifungasha mashine yake.

"Kumbe alisema kweli," akasema. "Nimemwonea bure mwenzangu. Yuko hai?"

Yuko hai. Asubuhi tukakodi gari hadi bomani kwake. Tulimkuta ameketi nje, amejifunika shuka. Nikamwamkia, akaitikia kwa mkato. Baba hata habari hakuuliza. Alinyoosha mbele mkono wenye kikopo, bila kujua mwenzake yuko upande gani, akisema, "Nilikuonea, ndugu yangu. Mwanangu alichomoa chuma cha kengele, kimo humu."

Mzee alikipokea. Alinitazama mimi kwanza, nikainamisha kichwa, natamani ardhi ipasuke. Kisha akakitikisa, akakitikisa tena, na wajukuu wakaja mbio kuona ni nini.

Akashika ule mkono wa baba uliokuwa bado hewani.

"Haya," akasema, "leo kengele imelia."