Viatu Chini ya Kitanda

Shule ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 1964, Misi Doroti, Mwingereza aliyefundisha Kiingereza Msambweni, aliondoka akaacha viatu vyake vya ngozi chini ya kitanda. Tumu, mpishi wake, alipoviona moyo ulimtulia: mgeni akisahau kitu, huyo atarudi. Jirani aliyebisha alifokewa hadi akanyamaza. Likizo nzima Tumu alivipaka viatu mafuta ya nazi visiote kuvu.

Siku ya kufungua shule alivipanga barazani, akapika wali. Mwalimu mkuu akaja peke yake, barua mkononi.

“Bi Tumu, Misi harudi tena.”

“Na viatu vyake je?”

Mwalimu mkuu akainamisha kichwa. “Ameandika vitupwe. Vilikuwa vikimbana tangu siku aliyofika.”