Tuta Lisilopewa Dawa

Baba alifariki nikiwa na miaka kumi na miwili, na shida yangu ilianzia hapo. Shule niliiacha darasa la nne. Sioni haya kusema. Mengine nimefundishwa na jembe.

Kazi ya dawa za mazao niliianza Nyamigogo, upande wa Biharamulo, nikiwa tayari na mvi. Siku ya kwanza Mtafiti Mkuu, mama mmoja asiyecheka ovyo, alinikabidhi sufuria na majani ya mpera.

"Chemsha, mzee."

Nikachemsha. Maji yakachujwa, yakatiwa chumvi ya fedha, madini yale yale ya pete, yakaachwa mpaka yakawa kama chai ya rangi.

"Hapo fedha imekuwa chembe ndogo kuliko vumbi," akasema. "Hizo ndizo zinazopigana na ukungu."

"Zitaweza kutu ya maharage?"

"Sijui. Ndiyo maana nimekuajiri."

Kwa jibu hilo nilimheshimu.

Baadaye alinihamishia kwetu Ngara, nisimamie shamba la majaribio. Mbegu alitoa mke wangu Yustina, maharage aliyoachiwa na mama yake. Matuta yote tulinyunyizia dawa, isipokuwa moja. Hilo ni la kulinganishia. Lisipokuwepo, hujui kama kazi imefanywa na dawa au na mvua.

Kutu ikaingia, madoa ya kahawia yanayochafua vidole. Asubuhi moja Mtafiti Mkuu akainama kwenye lile tuta, akakuta kila shina limetiwa majivu.

"Mzee, nani kafanya hivi?"

Yustina akatokea migombani. "Ni mimi."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Una watoto wewe?"

"Wawili."

"Wakiugua, mmoja unampa dawa, mwingine unamtazama tu?"

Mtafiti Mkuu akakaa chini, pale pale udongoni. "Mama, nikilitibu hili sitakuwa na la kuwaambia wakulima. Umebaki msimu mmoja. Nikikosa jibu, kazi hii inafungwa."

"Mimi siwezi kuona."

"Basi usione, mama yangu."

Tulipopanda upya, Yustina akaenda kukaa kwa dada yake Biharamulo mjini. Nilimsindikiza hadi kwenye basi. "Lichunge," aliniambia, kama anayeacha mgonjwa.

Sikulitibu. Lakini kila asubuhi nilianza na hilo, nikaling'olea magugu kwa mikono.

Matuta ya dawa yalipata kutu kidogo, yakazaa. Lile likakauka, vikabaki vishina vichache vyenye maganda. Mtafiti Mkuu alishukuru, ila akazuia dawa isiuzwe mpaka ijulikane fedha ile inaufanyia nini udongo. Kazi ikaendelea, nami nikaendelea nayo mpaka magoti yakanistaafisha.

Vijana, mnapenda dawa ya leo kwa leo. Kuna kazi ya kumwangalia mgonjwa bila kumgusa ili wengine wapone. Ni ngumu kuliko kulima.

Yustina aliporudi alikwenda moja kwa moja kwenye lile tuta. Alichuma maganda ya vile vishina, akayapukuchua mwenyewe.

Leo nina nyumba ya bati. Nina migomba, kahawa kidogo, ng'ombe wawili, na pampu ya mgongoni inayovuja. Juu ya kichanja pana kibuyu cha maharage ya tuta lile. Kila msimu mke wangu hupanda hayo kwanza, akayatilia majivu. Siku hizi hakuna wa kumkataza.