Mzee wa Fafi na Ndoto za Mchumba Wangu

Mwanamke niliyetaka kumwoa alikuwa akimsimulia ndoto zake mwanamume mwingine. Mwanamume huyo alikuwa na zaidi ya miaka sabini, mguu mmoja ulimsumbua, na meno ya juu aliyavua wakati wa kula. Nilijikumbusha hayo yote mara nyingi. Hayakunisaidia.

Hiyo ilikuwa Durban, mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka Dar es Salaam kusomea shahada ya pili ya sosholojia, na siku nisizokuwa na vipindi nilipokea mizigo katika ghala moja kule Mobeni. Mchumba wangu alikuwa Mrundi, fundi cherehani, ameajiriwa kupunguza na kuongeza suti katika duka la huyo mzee katikati ya mji, jirani na vinyozi na wauza sari. Nilikuwa nimemwomba tuoane. Alinijibu, "Nipe mpaka Pasaka." Pasaka ilikuwa bado mbali kidogo, na mimi si mtu wa kusubiri bila kuuliza maswali.

Asubuhi moja ya mvua nilimpelekea mwavuli aliousahau kwangu. Mlango wa duka ulikuwa wazi. Kabla sijaingia nikasikia sauti yake.

"Nilikuwa ndani ya basi, Papa, lakini iko maji mpaka kwa viti. Dereva alikuwa mama yangu. Hakutaka kunitazama."

Mzee akauliza, "Alivaa nini kichwani?"

"Kitambaa cha njano."

"Eish. Basi hayo ni maji. Maji ni tatu."

"Hapana, mimi ninaweka kwa mwanamke mzee."

Mzee akainua mkasi mkubwa wa kukatia nguo. Chini yake palikuwa na kipande cha karatasi kilichokunjwa. Akakikunjua, akamwonyesha, na wote wawili wakacheka. Yeye akachukua kifungo cha shati mezani na kukisukuma upande wa mzee. Nilipoingia walinyamaza, kama watu wanaopisha gari.

Nikaelewa ni vya nini vile vifungo alivyovihifadhi katika chupa ya jemu dirishani kwake. Nilidhani ni vya kazi.

Mchezo wenyewe unaitwa fafi, na mjini pale hakuna asiyeujua. Ni bahati nasibu ya mtaani yenye namba moja hadi thelathini na sita, na kila namba ina picha yake: mfalme, maji ya bahari, maiti, samaki mkubwa, meli. Mwenye benki huchagua namba yake mapema na kuificha. Wachezaji, wengi wao wanawake, huweka pesa kwa kufuata walichoota. Ukiota mazishi, unaweka kwenye maiti. Zamani, mzee huyu alikuwa na benki. Sasa alicheza na fundi wake mmoja, kwa vifungo.

Maisha yake niliyapata kwa mafungu, kutoka kwa mchumba wangu, tukiwa kwenye taxi au tukimenya viazi. Kila fungu lilianza na "Papa amesema." Walimwita Mzanzibari, ingawa yeye wala baba yake hawakuwahi kukanyaga Zanzibar. Mababu zake walikuwa Wamakua waliouzwa utumwani, wakaokolewa baharini na meli za Waingereza na kushushwa Durban, na jina la Zanzibar likawabaki. Nyumbani kwao, upande wa Bluff, walisema Kimakua, na Kiswahili cha kuokoteza ambacho sasa alikisafisha kwa msaada wa fundi wake. Baba yake alichuna nyangumi. Harufu ya kazi hiyo haikutoka kwenye nguo hata zikifuliwa, na kijana akaapa kwamba yeye atavaa suti.

Akaanza kwa kucheza kete na mabaharia wa nyangumi siku za mishahara. Akawa mkusanyaji wa Mchina mmoja mwenye benki ya fafi, akipita nyumba kwa nyumba kuchukua pesa za wachezaji. Mchina alipochoka, akachukua mitaa yake. Hapo ndipo lilipokuja gari, ukumbi wa dansi, duka la nguo lililoandikwa jina la mtu mwingine kwa sababu sheria haikumruhusu, na polisi aliyekunywa pombe jikoni kwake na kukamata wapinzani wake. Alikuwa na kovu shingoni kutoka kwa mpinzani mmojawapo. Baadaye serikali ikasema Bluff ni ya Wazungu, ikawahamishia Chatsworth. Mitaa yake ikavunjika, ukumbi ukafungwa, naye akanunua cherehani.

Nilisikiliza yote hayo nikitafuta nyufa.

"Wiki iliyopita gari lilikuwa jeusi," nilimwambia.

"Eh. Sasa?"

"Leo umesema la kijani."

"Labda yalikuwa mawili."

"Na huyo polisi uliyesema alijificha kabatini, alikuwa na urefu gani? Hilo kabati lilikuwa la nini?"

Akaweka kisu chini. "Weye unauliza kama yule karani wa karatasi za wakimbizi. Hata yeye alinipa kiti kwanza."

Nilicheka, lakini wivu haukucheka. Nilimwonea mzee wivu kwa asubuhi zake, na nilimwonea wivu kwa jambo jingine nisilolisema: kwamba alikuwa ameishi. Mimi nilikuwa nimesoma vitabu kuhusu watu waliohamishwa, watu wa magendo, uchumi wa chini kwa chini. Yeye alikuwa hizo sura zote, kisha akavaa kofia na kwenda dansini.

Mwanzo mwanzo wa urafiki wetu aliwahi kunisimulia ndoto. Nyumba yao ya Bujumbura haikuwa na milango, na yeye alizunguka nje akitafuta pa kugonga. Nilimweleza kwamba ubongo unapolala hupanga mambo ya mchana, na kwamba juzi yake tulikuwa tumezungumza juu ya kodi ya chumba. "Asante, mwalimu," alisema, tukaendelea kula. Sikugundua kwamba hakunisimulia nyingine.

Pasaka ilipokaribia nikatunga mpango. Nilingoja mchumba wangu atoke kwenda kununua uzi, nikaingia dukani.

"Shikamoo, mzee. Nami nimeota."

Akanitazama juu ya miwani. "Sema, kijana."

Nikamsimulia harusi. Kanisa limejaa, mchumba wangu amevaa nyeupe, mimi ninalia kwa furaha. Niliitunga kwenye taxi, nikiwa na hakika itamfikia kabla ya saa sita. Mzee aliuliza nani alisimama mlangoni. Nikasema watu. Akauliza watu gani. Nikamwongeza mjomba.

"Weka unapotaka," alisema.

Sikuwa na kifungo. Nikakata kimoja cha mkono wa shati langu, nikaweka kwenye mfalme. Chini ya mkasi alikuwepo samaki. Akakitia kifungo changu mfukoni.

"Utamwambia?" nikauliza.

"Nani?"

"Unamjua."

"Ndoto ya mtu haitoki hapa."

"Hata kama mwenyewe anataka itoke?"

Akacheka hadi akashika meno yake. "Kama unataka aijue, mdomo unao."

Basi nikauliza kile hasa kilichonileta. "Mimi nimo kwenye ndoto zake?"

Mzee alivuta suruali iliyokuwa mezani, akaanza kufumua pindo, na akasema bila kuinua kichwa: "Mimi nilikuwa na mke. Asubuhi anachota maji bombani pamoja na wanawake wa mtaa mzima. Kila mmoja anasema ameota nini. Anarudi, tunakunywa chai, ananiambia zao, ananiambia na yake. Mimi nakwenda kuchagua namba. Wote wameota moto? Mimi naweka kuku."

"Hakujua?"

"Alidhani napenda kumsikiliza." Akakata uzi. "Na nilipenda. Nilipenda kweli."

"Kisha?"

"Siku moja akaota mama yake amekufa. Akaweka pesa yake na ya dada yake kwa maiti. Nikafungua karatasi: farasi. Akaniangalia, hakupiga kelele. Alikaa na mimi mpaka kufa kwake, alipika, alizaa watoto wawili wengine. Ndoto hata moja sikusikia tena."

Mtu mwingine angetoka pale na huzuni. Mimi nilitoka na silaha.

Jioni nilimpitia mchumba wangu kazini, na tuliposimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, kungoja kuvuka, nikamwambia. "Huyo Papa wako alikuwa akizifanyia biashara ndoto za mkewe. Alizitumia kula pesa za jirani zake."

"Najua."

"Unajua?"

"Alinieleza siku ya kwanza, kabla mimi sijasema yangu hata moja. Ndiyo maana nikasema."

"Na kama hiyo nayo ni uongo? Gari lake tu lina rangi mbili."

"Tatu," alisema. "Siku hizi ni jekundu. Gari ni la kuchekesha watu. Lakini ya mke wake nimeisikia mara nyingi, na haijabadilika hata neno. Weye unayepima kila kitu, pima na hilo."

Nilipima. Ushahidi ulikuwa upande wake, na hilo liliniuma kuliko kama angenitukana. Taa ikawa kijani, watu wakatupita wakitusukuma. Hatukuvuka.

"Mimi nimo?" nikauliza.

"Ndani ya nini?"

"Ndani ya ndoto zako."

Akautazama mkono wa shati langu, palipokosa kifungo, kisha akanitazama usoni. Sijui aliona nini au alijua nini. Mzee, nina hakika, hakusema. "Nitakujibu lile la Pasaka," alisema. "Hilo lingine, hapana. Na ukitaka nikubali la Pasaka, bon, hilo lingine usiniulize tena. Si leo, si tukizeeka."

"Hilo tu?"

"Kwako weye si dogo."

Nilifikiri kumwuliza kwa nini sharti, nani alimfundisha, kama mzee naye amewekewa sharti lolote. Nikafunga mdomo. Tukavuka.

Pasaka alikubali. Tulifunga ndoa katika kanisa lisilojaa, bila mjomba, na mzee alikaa benchi la nyuma na kofia yake magotini. Suti niliyovaa aliishona yeye. Ilinikaa vizuri mno, na hata hilo lilinikera.

Mke wangu alihamia kwangu na begi moja, cherehani, na chupa ya vifungo, ambayo aliiweka dirishani juu ya sinki. Asubuhi ya kwanza ya kazi niliamka kabla yake. Alikuwa amekunja uso usingizini, midomo ikisogea, akibishana na mtu. Nikachemsha chai.

"Umelalaje?" nikamwuliza alipokuja jikoni.

Akanitazama, kikombe mkononi, akingoja swali la pili. Nilipuliza chai yangu.

"Vizuri," alisema. Akachagua kifungo kimoja kwenye chupa, akavaa viatu, akaenda kumsimulia yule mzee.