Kikohozi cha Mkwe Wangu

Niliondoka Ilongero kwa sababu ya pafu la Ntandu, mume wa binti yangu Zaituni. Kifua kikuu kilikwisha kwa sindano, lakini kiliharibu kipande cha pafu, naye akawa anatema damu. Daktari akataka kukikata. Zaituni ndiyo kwanza amejifungua, na mama yake Ntandu ni marehemu. Nikasema, "Nitakwenda mimi, na anayetaka kucheka acheke!" Mama mkwe amuuguze mkwe wake? Walicheka kweli.

Alfajiri lori la ushirika lilitufikisha Singida. Shamba lake hatukulihofia, wenzetu wa kijiji cha ujamaa walikwisha kulipalilia. Tukachukua basi hadi Manyoni, kisha treni hadi Dar es Salaam. Njia nzima Ntandu alinipa kisogo, kwa adabu.

Hospitalini, kabla ya kupasuliwa, nilimlisha uji wa uwele na mayai mpaka mashavu yakajaa. Muuguzi akamfundisha kuvuta pumzi ndefu na kukohoa kwa nguvu. "Baadaye usipokohoa," alimwonya, "makohozi yatakujaa, hilo pafu lililobaki lishindwe kufanya kazi."

Alipasuliwa salama. Kesho yake hakukohoa hata kidogo. Homa ikapanda, pumzi ikawa fupi. Muuguzi alimbembeleza, akamfokea, wapi! Nami nimeketi kando ya kitanda nampepea, nalia kimoyomoyo: nitamwambia nini Zaituni?

Ndipo nilipomwona akibana midomo huku akinitazama kwa pembe ya jicho. Masikini! Kwetu mwanamume hakohoi na kutema mbele ya mama mkwe.

"Sista, tatizo ni mimi!" nikasema, nikatoka mbio.

Nilisimama nje, chini ya dirisha, nikatega sikio. Kisha, kho! Kho, kho, kho! Nilipiga vigelegele mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna harusi gani.

"Mkwe wangu anakohoa, baba!"

Tangu hapo nilikabidhi bakuli la uji mlangoni, nikakaa nje kwa raha zangu. Nilijifunza kwamba kuna kumuuguza mtu kwa kukaa naye, na kuna kumuuguza kwa kumpisha.

Alipopona tukarudi. Lori lilitushusha njia panda, tukapanda kilima kwa miguu.

"Ningoje basi!" niliita, nikitweta.

Ntandu hakunisikia. Alikwisha kufika juu na mzigo wetu wote begani, akimwita Zaituni kwa sauti iliyojaa bonde zima.