Magongo Chini ya Blanketi la Wageni

Ni mimi niliyeficha magongo ya mume wangu. Mwaka mzima nilikana, hata mbele ya watoto.

Mwamba ulimwangukia mgodini, mguu ukakatwa chini ya goti. Kidonda kilipopona, alianza kujichotea maji uani, kindoo kikining'inia kwenye gongo. Nusu ilimwagika njiani, naye alicheka.

Kisha dada yake akaja kutoka Kipushi, akamkuta bombani.

"Yaya yetu anachota mayi ye mwenyewe," akaniambia, akimwonyesha kaka yake mkubwa, "na ule wa diplome iko anasoma tu livre?" Akakitazama kitabu mkononi mwangu.

Kwetu, mgonjwa akionekana akifanya kazi, anayesemwa ni mke. Aibu ilinishika. Mume wangu alipolala mchana, niliyapandisha magongo juu ya kabati, nikayafunika kwa blanketi la wageni.

"Mama, fimbo yangu iko wapi?" mume wangu aliniuliza alipoamka, akipapasa pale magongo yalipokuwa.

"Utakuwa uliisahau fasi huko inje, Papa. Ikala tu, nitakuletea yote." Nikamsogezea kiti.

Nikaleta yote kweli: maji, chakula, hata dawa ya meno ikiwa tayari kwenye mswaki. Mimi niliyesoma saikolojia chuo kikuu! Niliandika hata makala kuhusu heshima ya walemavu, yeye akiwa ameketi hapo hapo, akisubiri nimpeleke chooni.

Akaacha kuuliza. Akaacha kunyoa ndevu. Wenzake wa kwaya walipokuja, alisema amechoka. Daktari nilimwambia ni huzuni ya mguu. Mara nyingine nilimkuta ameinua macho juu ya kabati. Nilijiambia anatazama dari.

Wewe unayemuuguza mtu, mwache amwage maji yake. Watu watasema, waache waseme.

Mwezi uliopita dada yake alimchukua akapumzike kwake wiki mbili. Dada huyo aliuliza fimbo, nikasema zilipotea. Mume wangu aliondoka akiegemea bega lake, bila kunitazama.

Wiki ya tatu mume wangu akapiga simu. Nyuma yake nilisikia maji yakijaa kwenye ndoo. Sikungoja salamu.

"Papa, ile fimbo, ni mimi niliificha."

"Nilijua. Ile bulangeti ilikuwa mufupi, niliziona siku ya kwanza. Nilikuwa nangojea unipatie."

"Utarudi lini?"

"Huku walinipatia fimbo ingine, niko nachota mayi mimi mwenyewe, Mama. Sirudi tena."