Dhambi ya Kuazima

Orpa alilelewa na sheria moja kuu kuliko zote: usishuhudie jambo ambalo macho yako hayakuliona. Baba yake, karani wa reli aliyekuja Katanga kutoka Kasai, alimfundisha hivyo kabla hajajua kusoma, naye Orpa akaolewa nayo, akaingia nayo katika Kusanyiko la Waliochujwa alikokuwa mume wake Athanase. Alikaa huko miaka mingi bila mtu kutambua kwamba sheria hiyo na kusanyiko lile vingekuja kugombana.

Waliochujwa walijenga karibu karibu, nyuma ya nyumba za zamani za kampuni ya migodi kule Shituru, ili jirani amwone jirani. Hawakumeza dawa bila ruhusa ya mzee. Hawakula bukari, yaani ugali, sahani moja na mtu wa nje. Na aliyetoka kwao hakusalimiwa, hata kama ni mama aliyekuzaa. Ukikutana naye njiani unageuza uso kama unayekwepa moshi. Orpa mwenyewe aliwageuzia uso watu kadhaa siku zile, na hakulala vibaya kwa sababu hiyo. Hilo lisemwe, maana wengi wakitupwa nje husahau kwamba na wao walisukuma wenzao.

Athanase alifariki, akamwachia binti mmoja, Estelle. Mjane akaendelea na kazi aliyopewa kanisani, kuwahudumia akina mama wagonjwa. Ndipo ikamwangukia kazi ya kumuuguza Carine, mwanamke aliyevimba tumbo. Orpa alimwosha kila asubuhi, akajua ukubwa wa uvimbe ule kwa kiganja chake.

Jumamosi moja mzee wa kusanyiko, Symphorien, alimwita, akamwambia kwa Kiswahili cha Katanga.

“Mama Estelle, kesho utasimama mbele ya bantu ba kanisa, utasema uvimbe ya Carine iliisha.”

“Papa Symphorien, minye mwenyewe njo namuoshaka. Haiyaisha. Inaongezeka.”

“Imani inaona mbele kuliko macho.”

“Basi imani isimame, iseme yenyewe. Minye siwezi.”

Symphorien hakuwa tapeli. Aliamini kabisa kwamba ushuhuda ukitangulia, uponyaji hufuata, na kwamba mwanamke huyu alikuwa anauzibia njia. Akamwambia achague: kusimama au kutoka. Orpa akatoka. Carine alizikwa kabla mvua hazijaanza, na Orpa hakuruhusiwa hata kulia kilio pamoja na wengine.

Estelle hakutoka naye. Alibaki kwa shangazi yake Numbi, dada ya marehemu Athanase, kwa sababu msichana aliyetoka na mama yake angepoteza marafiki, kwaya, na mchumba. Ndiyo, mchumba alikuwapo tayari: Germain, shemasi kijana, mtu wa heshima. Orpa hakumlazimisha. Alidhani mwaka mmoja utatosha hasira za watu kupoa.

Alikodi chumba katika lupangu, yaani ua, ya mwanamke aitwaye Mimi, karibu na soko, akauza unga na ndagala, dagaa wakavu. Mimi alikuwa mcheshi, mwenye mdomo mrefu, na alishangaa kuona mpangaji wake ameacha kusanyiko lakini kusanyiko halijamwacha. Orpa aliugua malaria, akakataa vidonge. Redio ikipigwa uani, aliingia ndani na kufunga mlango. Akikaribishwa kula, alitafuta sahani ya peke yake.

“Weye, Orpa,” Mimi alimwambia, “ulitoka mu gereza, lakini ulibeba kadena ya mulango yake! Unajifungia weye mwenyewe.”

“Niache, Mimi. Nimezoea.”

“Umezoea nini? Mungu ya kule ilikuwa inakatala kinini ya malaria. Hii ya huku inakatala nini? Uiulize basi!”

Orpa alicheka, ila swali lilimkaa. Alikuwa ametoka akiamini kwamba Mungu yuko upande wa ukweli, kwa hiyo atamkuta nje, tena karibu zaidi. Hakumkuta. Alipiga magoti pembeni ya kitanda na maneno yote yaliyomjia yalikuwa ya Waliochujwa, sala zao, nyimbo zao, hata sauti ya Symphorien anapovuta pumzi kabla ya “Amina”. Akiyaondoa hayo, hakubaki na neno lolote la kusali. Mimi akampeleka kwenye kanisa lake lenye ngoma na vipaza sauti. Watu waliruka, walilia, walianguka. Orpa alikaa kwenye kiti chake kama mtu anayesubiri mgonjwa wa mwenzake hospitalini. Hakurudi tena. Jumapili zikawa siku ndefu za kupepeta unga ambao ulikuwa umekwisha kupepetwa.

Yote hayo angeyavumilia. Asichoweza kuvumilia ni Estelle. Msichana alipita sokoni na wenzake wa kwaya, kitambaa cheupe kichwani, akanunua unga meza ya jirani. Hakumtazama mama yake hata mara moja. Orpa alimtazama mpaka alipopotea kwa wauza makaa, kisha akakosea kupima unga wa mteja.

Halafu habari za ndoa zikafika. Kwa desturi ya Waliochujwa, mama ndiye anayemshika binti mkono na kumvusha kizingiti cha kanisa. Kama mama hayupo, shangazi humvusha, na watu huomba kana kwamba mama amekufa. Orpa aliposikia kwamba Numbi amekwisha kushona kitenge cha kumvusha Estelle, alifunga meza yake mchana kweupe, akaenda Shituru kwa miguu.

Symphorien alimpokea uani, bila kumpa kiti.

“Nataka kurudia,” Orpa akasema. “Nifanye nini?”

“Unajua desturi. Unatapika.”

Ndivyo walivyoita maungamo yao. Anayerudi husimama mbele ya watu wote na kuitapika dhambi iliyomtoa, kwa jina lake, ndipo anapewa maji ya kunywa na kusalimiwa.

“Nitapike nini, papa? Minye nilitoka juu nilikatala kusema bongo, kudanganya bantu.”

“Hiyo haiko zambi yako, hiyo ni kushitaki kanisa.” Alisema kwa upole, kama mganga anayetafuta jipu. “Mama, hakuna muntu anatokaka hapa juu ya kweli. Nimeona bengi. Kila mara chini kuko kitu: feza, ao bulozi, ao mwanaume. Rudi nyumbani, utafute. Ukiipata, uje dimanche.”

Orpa alirudi kwa Mimi na kutafuta. Hakukuwa na kitu. Fedha hakuiba, uchawi hakuujua, na mwanaume alikuwa mmoja tu, naye yu kaburini. Lakini mlango ulikuwa mmoja, na ulifunguliwa kwa dhambi tu. Asiye na dhambi ilimpasa aiazime. Akaamua kusema mwanaume. Alijiambia kwamba atasema uongo mdogo, wa mara moja, usiomgusa mtu, kisha atashika mkono wa mtoto wake. Alijiambia pia kwamba huenda Mungu hayupo wa kusikia. Mwanamke aliyekataa kumdanganyia Carine akakubali kujidanganyia mwenyewe, na hapo hapaswi kusamehewa upesi kwa sababu alipenda sana. Kupenda sana hakugeuzi uongo kuwa kitu kingine.

Jumapili akasimama. Kusanyiko lote lilikuwepo, Estelle kwenye mstari wa kwaya, Germain karibu na mlango.

“Nilianguka na mwanaume,” Orpa akasema. “Nikiwa mu ndoa.”

“Jina,” akasema Symphorien.

Hakuwa amelifikiria jina. Aliogopa kutaja mtu aliye hai, mwenye mke na watoto. Akatafuta haraka haraka kati ya wafu, na aliyejitokeza ni mpangaji waliyekuwa naye zamani, kijana wa reli, mpole, aliyekufa kwa homa bila kuacha familia.

“Alphonse.”

Watu wakaguna. Symphorien akainua kikombe cha maji. Kabla hakijamfikia, Numbi alisimama katikati ya akina mama.

“Alphonse? Ule mupangaji?” Sauti yake ilipanda. “Alphonse alilala kwa kaka yangu mwaka moja tu! Ule mwaka Athanase alikuwa anatumika kazi kule Kambove, anarudia samedi kwa samedi, siku moja tu mu juma. Weye ulibeba mimba ya Estelle ule mwaka!”

Orpa aligeuka kuelekea mlangoni. Alimwona Germain akiinamisha kichwa, na mama yake Germain akivuta kitambaa chake kufunika kifua, kama mtu aliyepigwa na baridi. Kila mtu pale alijua sheria: shemasi haoi mtoto ambaye baba yake hajulikani.

“Hapana!” akapiga kelele. “Nilisema bongo! Alphonse hakunigusa hata kidole! Hakuna mwanaume! Mulinilazimisha nitafute zambi!”

“Chenye kilitapikwa hakimezwi tena,” akasema Symphorien. Alikuwa na machozi, ya kweli. Aliamini amemwokoa. Akamwekea kikombe mdomoni, akamnywesha, na watu wakapanga mstari kumsalimia, mmoja mmoja, mkono kwa mkono, Orpa akirudia kwamba alidanganya. Walimjibu, “Pole, mama, karibu nyumbani.”

Estelle hakuwa kwenye mstari.

Orpa akamkuta kwa Numbi, akikunja nguo za kwaya. Msichana aliinua macho.

“Sasa niko na ruhusa ya kukusalimia. Jambo, mama.”

“Mwanangu, baba yako ni Athanase. Nakuapia.”

“Unaniapia.” Estelle aliendelea kukunja. “Juu ya Carine, bantu bote walisema weye njo mubongo. Minye nilinyamaza, lakini mu roho nilisema, mama yangu hasemake bongo, ni bao wanasema bongo. Nilikuwa napita mu soko bila kukuangalia, na ndani niko nakuamini. Nilikuwa peke yangu. Sasa unaniambia ulisimama mbele ya kanisa nzima, ukadanganya. Nitajua je wapi kuko kweli?”

“Nilifanya vile ili nikuone.”

“Umeniona.”

Familia ya Germain ilivunja uchumba juma lile lile. Estelle alihamia Kambove, akapika chakula cha kuwauzia wachimbaji, na mtu aliyetumwa na mama yake alirudishwa na chakula alichobeba.

Orpa hakutoka tena kwa Waliochujwa. Hakuwa na pa kwenda. Anakaa benchi la nyuma, anaimba maneno asiyoyaamini, na akigeuka huku na huku watu humsalimia kwa furaha. Mimi alimfuata mara moja kumshawishi arudi sokoni. “Uwaambie kweli, utoke!” alimwambia. Orpa akamjibu kwamba alikwisha kuwaambia kweli mara mbili, na mara zote mbili hakuna aliyeitumia.

Uongo ule wa Jumapili moja ulimgharimu binti yake, ambaye peke yake alikuwa akimwamini, na ulimgharimu neno lake: tangu siku ile, hakuna jambo ambalo Orpa anaweza kulisema, ndani ya kanisa wala nje, likachukuliwa kuwa kweli.