Mche Uliofungwa Kitambaa

Enzi zetu, mche wa nyanya ukifungwa kipande cha kanga nyekundu, watoto wote tulipita mbali nao. Tuliyemwogopa hasa ni Bibi, mama mzaa mama, aliyeshuka kutoka Kinole na mbegu alizorithi kwa mama yake, akaja kuzilima kwenye joto la Mikese.

Nyanya zenyewe zilikuwa bapa, zenye mikunjo kama boga dogo, na ngozi laini isiyovumilia safari ya kwenda mjini. Lakini harufu yake! Ukikata moja jikoni, jirani anauliza mnapika nini. Tulizila na chumvi, maji yakichuruzika hadi viwikoni, tukajipangusia sare za shule na kuchapwa kwa hilo pia. Watoto wa leo wanaijua nyanya ya kwenye paketi. Binti yangu aliwahi kuniuliza hii ya Bibi ina ugonjwa gani mpaka ikajikunja.

Kiangazi kikikolea, maua ya nyanya hupukutika kwa joto. Hapo ndipo Bibi alipochagua mbegu. Alifunga kitambaa miche mitatu au minne yenye nguvu, na kuanzia siku hiyo ilikuwa marufuku kuipa hata tone la maji. Mingine tuliimwagilia asubuhi na jioni. Mche wa kitambaa ulioshika matunda kwa shida ile ndio uliotoa mbegu za mwaka unaofuata. Matunda yaliachwa yaive mpaka yalegee, mbegu zikalazwa na maji yake siku mbili, zikaoshwa, zikaanikwa kivulini, zikachanganywa na jivu.

“Nikimkuta mtu kamwagia maji hapa, atanitambua,” alisema Bibi, na hakuna aliyetaka kumtambua.

Nilikuwa darasa la nne. Mche mmoja wa kitambaa ulinyauka mchana, majani yakajikunja, nikauonea huruma. Kila alasiri, Bibi akiwa kwenye swala, nilimwaga kikombe cha maji shinani kisha nikafukia kwa udongo mkavu. Ile mingine ya kitambaa ikakauka. Wangu ukashika matunda saba.

“Asha, njoo umwone mwanamke huyu!” Bibi aliniita, akiuonyesha mche. “Jua lote hili, na bado anazaa!”

Nilicheka naye. Ningesema siku ile, yangeisha kwa fimbo. Sikusema, na Bibi akachukua mbegu za mche ule peke yake.

Kiangazi kilichofuata shamba lote lilikuwa watoto wa mche wangu. Maua yalikuja mengi, halafu yakaanza kudondoka. Kila asubuhi niliamka nikaenda kuangalia mangapi yako chini. Siku moja nilimkuta Bibi amepiga magoti, ameshika ua moja kiganjani.

“Sielewi,” alisema. “Mbegu ya mama haijawahi kunifanyia hivi.”

Huenda joto la mwaka ule lilikuwa kali tu, sijui. Ninachojua ni kwamba sikuwahi kumwona Bibi ameogopa kabla ya siku hiyo. Mche mmoja wa pembeni ndio uliotupa matunda mawili, na mbegu yote ya baadaye ilitoka hapo. Bibi alifariki sijamwambia.

Sasa mimi ni mwalimu Morogoro mjini, na mbegu zilizosalia zilinijia kwa mkono wa mama. Majirani wananishangaa. Wananiambia mbegu chotara zimejaa madukani, nahangaika na nini? Vijana ndio usiseme, wanapiga picha jani lenye doa na simu inawaambia dawa kabla hawajaligeuza waone mdudu. Ndugu waliokuwa na mbegu hii wameacha kulima. Nimeuliza Kinole, nimeuliza Mikese. Hakuna.

Msimu huu nilisia zote, kwa hofu kwamba zingezeeka. Ikaota miche sita. Mnyauko umechukua miwili, kantangaze, yule kiwavi anayetoboa majani na matunda, amemaliza mitatu. Uliobaki nimeufunga kitambaa, nao umeshika tunda moja, bado la kijani, dogo kama gololi.

Jana mchana majani yake yalijikunja. Nilisimama na ndoo ya maji, mtu mzima mwenye mvi. Zamani jua lilichoma mchana, na jioni upepo wa Uluguru ukashuka kutupooza. Siku hizi jioni nayo ni moto. Bibi aliijaribu nyanya hii kwa jua alilolizoea. Nikiunyima maji, huenda nikaua mbegu ya mwisho. Nikiupa, nitavuna mbegu isiyoweza kuishi kwenye jua hili, na binti yangu ndiye atakayeokota maua yaliyodondoka. Tulipokuwa wadogo palikuwa na mtu wa kutuambia lipi ni kosa, hata kwa fimbo.

Niliimwaga ndoo kwenye mchicha, nikaingia ndani, nikafunga dirisha la upande ule. Leo bado sijatoka kwenda kuutazama.